Kumfundisha kijana kuweka pesa ya dharura, tunavofanya sie huku Pemba

Huku kwetu pesa inakuja kwa msimu na inaondoka na msimu wake. Karafuu zikizaa vijana wanapanda mikarafuuni toka asubuhi, jioni wanachambua, wanalipwa kwa pishi, na wale wadogo wanaookota mpeta chini, zile karafuu zilizoanguka, nao hawarudi mikono mitupu, basi wiki mbili tatu unamuona kijana wa miaka 15 anashika pesa ambayo baba yake hajaishika mwezi mzima. Msimu ukisha, na mikarafuu nayo haizai kila mwaka sawasawa, kuna mwaka inazaa mpaka matawi yanainama na kuna mwaka unapita chini yake hata harufu huisikii, yule yule kijana unamkuta anaomba mia tano ya kalamu.

Mie nna watoto watatu, wakubwa ni msichana wa miaka 16 na mvulana wa 14, na hichi ninachoandika ndo tunachokifanya nyumbani kwetu huu mwaka wa nne sasa. Sijakisomea popote, nimekipata kwa kujaribu, mengine yalikataa nikayaacha. Ila yaliyobaki yanafanya kazi na ningependa kila mzazi ayajaribu, maana hivi vitoto vyetu skuli vinafundishwa hesabu za kila aina lakini hesabu ya pesa yake mwenyewe hakuna anaemkalisha akamfundisha.

Hatua ya kwanza: usile pesa ya mtoto

Naanza na hii na ntakaa hapa kidogo, kwa sababu ukiikosa hii zote zinazofuata hazina maana.

Sote tumekua hivi: sikukuu inafika, unavaa nguo mpya, unapita kwa bibi, kwa ami, kwa shangazi, kwa majirani, kila mmoja anakupa mkono wa Idi, jioni unarudi na vinoti vyako umevikunja. Halafu mtu mzima anakwambia leta nikuwekee usije ukapoteza. Unampa. Na ndo mwisho wa kuiona. Mie yalinikuta nilipokua na miaka 12, nilikua nimekusanya kwa sikukuu mbili nataka saa ya mkononi, nikampa mtu mzima nnaemuamini anishikie, na nilipoikumbusha nikaambiwa "kwani chakula unachokula kinatoka wapi". Sijakisahau kile kisa. Na unajua nilichojifunza siku ile? Nilijifunza kwamba pesa ukiiweka inaliwa, kwa hio bora uile mwenyewe mapema. Miaka mingi mpaka nimeolewa nikipata pesa naitumia yote siku hiohio na sikuwa najua kwa nini.

Kwa hio mzazi, kabla hujamwambia mtoto neno lolote kuhusu akiba, jiwekee sharti wewe mwenyewe kwamba pesa yake ni yake. Kama nyumba imekwama na kweli huna pa kwenda ukahitaji kukopa kwake, muombe kama unavomuomba jirani, mwambie kiasi, mwambie siku ya kurudisha, andikeni kwenye daftari, na siku ile ikifika rejesha hata kama hajakukumbusha. Mie nilimkopa binti yangu elfu nane mwezi wa Ramadhani mwaka juzi, nikamwambia Ijumaa ya pili nakurejeshea, na Ijumaa ile nilitafuta elfu nane mpaka nikaipata. Alipoipokea hakusema kitu lakini toka siku ile yeye ndo anaeleta mwenyewe daftari lake nilione.

Na ile deni ya zamani, kama uliwahi kula pesa yake, kaa nae umwambie nilikosea, umlipe kidogo kidogo. Wazazi wengi watasema huko ni kujishusha mbele ya mtoto, mie naona ni kinyume chake.

Hatua ya pili: mpe pesa ya wiki, sio ya siku

Mtoto anaepewa elfu moja kila asubuhi hana cha kupanga, anakula urojo na kachori mapumziko, imekwisha, kesho atapewa nyengine. Sisi tulibadilisha, kila Jumamosi nampa elfu tano ya siku tano za skuli mara moja, mkononi mwake.

Wiki za mwanzo itakwisha Jumanne, na wewe roho itakuuma lakini usimuongeze. Chai ya nyumbani anywe ashibe, mfungie muhogo au maandazi aende nayo, njaa asipate, ila pesa asubiri Jumamosi. Kijana wangu wa kiume alikwenda wiki tatu hivyo, ya nne ikamfikisha Alkhamisi, na sasa hivi anabakisha. Usimkaripie na wala usimwambie "nilikwambia", muulize tu imekwenda wapi, mwenyewe akiihesabu kwa sauti anashtuka.

Hatua ya tatu: anatoa mwanzo, halafu ndo anatumia

Wengi wetu tunawafundisha watoto kwamba kinachobaki ndo akiba. Sasa nambie nani aliwahi kubakisha. Nyumbani kwetu akishapewa ile elfu tano, pale pale mbele yangu anatoa elfu moja kabla haijaingia mfukoni, inabaki elfu nne, anakwenda nayo hio.

Nilipotaka kuwaelewesha kwa nini, niliwahadithia kisa cha Nabii Yussuf a.s., ile ndoto ya mfalme, ng'ombe saba wanene na saba waliokonda, na Yussuf akawaambia walime miaka saba na watakachovuna wakiache kwenye mashuke yake isipokua kidogo cha kula, kwa sababu inakuja miaka saba ya shida. Wanangu kisa wanakijua toka chuoni (madrasa), lakini walikua hawajawahi kukitazama kama habari ya akiba. Nikawaambia angalieni, hawakuambiwa wale kwanza halafu waweke kitakachobaki, waliambiwa waweke na wale kidogo. Na sisi huku wa karafuu tunamuelewa Yussuf kuliko mtu mwengine yoyote, maana mwaka wa neema na mwaka wa ukame tunauona kwa macho.

Kwa pesa ya msimu na ya sikukuu sheria yetu ni nusu kwa nusu. Akichuma karafuu akapata elfu 30, elfu 15 inawekwa siku hiohio kabla hajaoga. Nusu ya pili afanye anachotaka, na hapo usimuingilie. Akitaka kwenda kuimaliza yote Tibirinzi siku ya sikukuu kwenye bembea na aiskrimu, aende, ni yake, kashatoa haki ya akiba.

Hatua ya nne: vibubu viwili, na kila kimoja kina jina lake

Hapa ndo tulipokosea sie mwaka wa mwanzo. Tulikua na kibubu kimoja. Binti anaweka kwa ajili ya simu, ikifika elfu 40 viatu vinakatika, tunavunja kibubu tunanunua viatu, simu imerudi nyuma, mtoto kavunjika moyo, miezi miwili hakuweka hata senti. Kumbe tatizo sio yeye, ni kwamba pesa ya kitu unachokitaka na pesa ya jambo usilolitarajia tumezitia kwenye tundu moja.

Sasa nilimwendea seremala akanichongea vibubu viwili kwa kila mtoto, vya mbao, vidogo, unaweza hata kutumia kopo la maziwa ukalitoboa juu. Kimoja tumeandika SIMU (mdogo wake wa kiume kaandika BAISKELI) na chengine DHARURA. Ile elfu moja ya Jumamosi inakatwa, mia tano huku mia tano huku, sarafu mbili.

Halafu inabidi mkae mkubaliane dharura ni nini, na msikubaliane kwa maneno matupu, andikeni. Sisi tuna maswali matatu yamebandikwa ukutani: hili jambo nilikua silitarajii? haliwezi kungoja mpaka mwezi ujao? nikiliacha litaniletea madhara? Yote matatu yakijibiwa ndio, kibubu kinafunguliwa. Moja tu likiwa hapana, hakifunguliwi.

Mtabishana sana mwanzo na hayo mabishano ndo somo lenyewe. Nguo ya sikukuu sio dharura, sikukuu inajulikana inakuja. Harusi ya dada wa rafiki yake sio dharura hata kama sare ni nzuri vipi. Bando limekwisha, sio. Miwani imevunjika na kesho ana mtihani, hio ni dharura. Tairi la baiskeli limepasuka na ndo anayoendea skuli, dharura. Homa usiku, dharura, ingawa hapo mzazi ndo wa kwanza kutoa, pesa ya mtoto isiwe ndo tegemeo la nyumba.

Wale wakubwa wa miaka 16, 17 waelezeni pia kwa nini watu wazima wanahitaji akiba kubwa zaidi ya hio ya viatu. Mie niliwahadithia habari mbili ambazo kila mtu hapa visiwani anazikumbuka. Ya kwanza ule umeme uliokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kiza, mtu aliekua anaishi kwa kuuza barafu na juisi baridi au mwenye cherehani ya umeme kazi yake ilisimama siku moja bila taarifa. Ya pili 2020, corona ilipoingia na ndege za watalii zikasita, vijana wa mahotelini kule Nungwi na Paje walirudishwa majumbani kwa wingi, na wengine walikua na mshahara mzuri tu lakini mwezi wa pili hawana hata nauli. Ndo maana ukisikia watu wanasema mtu mzima aweke matumizi ya miezi mitatu, miezi mitatu ile haikuanguka kutoka juu, ndo muda ambao mtu anajipapasa mpaka apate njia nyengine.

Hatua ya tano: kiasi gani

Mtoto hana kodi wala hana watoto wa kulisha, kwa hio usimpigie hesabu za miezi mitatu, atachoka. Kaeni muandike mambo matano yanayoweza kumtokea mwaka huu na bei zake. Sisi tulipoandika viatu vya skuli, kutengeneza baiskeli, dawa, nauli ya ghafla kwenda Mkoani au Wete kukiwa na mgonjwa au msiba, na daftari na vitabu vilivyolowa mvua ya masika, tukaona hayatokei yote pamoja, makubwa mawili yakitokea kwa mkupuo elfu 50 inatosha. Ndo ikawa shabaha.

Hesabu yake hii hapa, muoneshe kwa kalamu: mia tano kwa wiki, wiki 52, ni 26,000. Sikukuu mbili, kila moja akipata kama 20,000 nusu yake ni 10,000, mbili 20,000. Jumla 46,000. Hajachuma hata karafuu moja na keshakaribia, na kama mwaka ule mikarafuu imezaa anavuka. Usianze kumwambia elfu 50 lakini, mwambie elfu 10 kwanza, akifika mnafurahi, halafu 20. Binti yangu alipofika elfu 10 ya mwanzo nilimpikia pilau siku ya kawaida tu, Jumatano.

Hatua ya sita: inakaa wapi

Kibubu ni kizuri kwa kuanzia kwa sababu mtoto anakiona na anasikia uzito wake. Lakini kisijazwe kikakaa miaka. Mchwa wapo, wezi wapo, moto upo, na kuna jambo jengine watu hawalifikirii: Januari 2025 Benki Kuu ilianza kuziondoa noti za zamani, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003 na ile noti ya 500 ya 2010, na mwisho wa kubadilisha ulikua tarehe 5 Aprili 2025. Aliekua kazificha kwenye sanduku la kanga na hakusikia tangazo, baada ya siku ile ana karatasi tu. Wazee wetu wengi ndo wanavoweka, chini ya godoro, kwa hio mfundisheni kijana akague na pesa za bibi yake.

Sisi kibubu cha dharura kikifika elfu 30 tunakifungua pamoja, elfu 10 inarudi ndani kwa ajili ya jambo la usiku usiku, iliobaki inakwenda benki. Akaunti ya mtoto inafunguliwa na mzazi, nenda na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako, uliza mapema wanataka nini zaidi na kiasi cha kuanzia, na uliza kama kuna makato ya kila mwezi, maana elfu 20 ikikatwa kila mwezi itakwisha bila ya mtoto kuigusa. Mtoto aende mwenyewe na wewe, ajaze fomu kwa mkono wake.

Habari ya riba najua ndo swali la wengi na ni swali la haki. PBZ, benki ya watu wa Zanzibar, wana upande wa Kiislamu, Ikhlas, na benki nyengine kadhaa nazo zina dirisha kama hilo. Ukifika sema wazi unataka akaunti isiyo na riba, waulize inavofanya kazi, na ukiwa na shaka muulize shekhe wako kabla hujasaini. Mtoto akikuona unauliza anajifunza kwamba pesa ina halali na haramu yake toka inapowekwa.

Pesa ya simu mie kwa akiba siipendi. Laini yenyewe kwa mtoto wa chini ya miaka 18 inakua kwa jina lako, kuitoa kuna makato, na iko karibu mno na bando, kidole kimoja tu imekwenda. Lakini aijue, kwa sababu ataitumia maisha yake yote. Mfundishe mambo matatu tu: namba ya siri haambiwi mtu yoyote hata anaejiita ni wa kampuni ya simu, kila akitoa pesa asome ile meseji mpaka mwisho aone kimekatwa kiasi gani, na ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" ikija hata kama inaonekana inatoka kwa ami yake, apige simu kwanza asikie sauti.

Na upatu je? Wasichana wa chuoni kwetu wanacheza, watu kumi, elfu mbili kila mmoja kwa mwezi. Nimemruhusu binti yangu, upatu unafundisha ahadi, mwezi ukifika unatoa utake usitake. Lakini upatu ni wa kibubu cha SIMU, sio cha DHARURA. Kama zamu yako ni mwezi wa nane na wewe jambo limekukuta mwezi wa tatu, pesa yako ipo kweli lakini iko mkononi mwa mwenzio na yeye keshanunua kitambaa. Hili hata watu wazima wengi hawajalipambanua.

Yanayokula akiba ya vijana

Kwa watoto wa kiume nasema kubeti. Wanaanza na mia tano, wanaita mkeka, na mmoja akipata darasa zima linasikia, waliopoteza wako kimya. Ni haramu na hilo analijua, lakini mkalishe pia umpigie hesabu: mia tano kila siku ni elfu 15 kwa mwezi, weka mbele yake zile elfu 15, azitazame. Jengine ni mikopo ya mtandaoni na ile ya riba kubwa wanayoita kausha damu, kijana akifika miaka 18 tu na kitambulisho chake meseji zinaanza kumiminika, sasa aliefundishwa akiba mapema ana pa kwenda kwanza kabla ya huko. Na jengine ni wenziwe, "nikopeshe ntakurejeshea". Sisi tumemwambia amkopeshe mtu kwenye nusu yake ya matumizi akitaka, kile kibubu cha dharura hakikopeshwi, na ajibu "sina ruhusa, mama kafunga", mie nakubali lawama ziwe zangu.

Hatua ya mwisho: siku inapotumika

Mwaka jana binti yangu alikwenda Unguja na wenziwe wa skuli. Siku ya kurudi bahari ikachafuka, boti haikuondoka, na kesho yake pia haikuondoka. Mie kabla hajasafiri nilimtolea elfu 25 kwenye akiba yake ile ile, akaishona ndani ya mkoba. Alinipigia akaniambia mama, maswali matatu yote ni ndio, nifungue? Nikamwambia fungua. Akala, akawanunulia na wenziwe wawili mkate na chai, akalipa daladala kwenda kulala kwa mama yake mdogo Mwanakwerekwe, na siku ya tatu akarudi na elfu tisa na risiti moja aliyoiokota ili anioneshe.

Ikishatumika msisikitike, hio ndo kazi yake. Ila siku hiohio kaeni muandike imetoka kiasi gani na itajazwa vipi. Sisi sheria ni kwamba kibubu cha SIMU kinasimama mpaka cha DHARURA kirudi pale kilipokua, ile elfu moja ya Jumamosi yote inaingia upande mmoja. Ilipungua 16,000, kwa hio Jumamosi 16. Alihesabu mwenyewe, akazichora kwenye daftari viduara kumi na sita, na kila Jumamosi anakipaka rangi kimoja. Mkono wa Idi ulipokuja katikati akavipaka kumi kwa siku moja.